Upande wa Kushoto wa Gari la Kigwe

Ndugu wafiwa, wifi yangu mjane, majirani wa mtaa wetu, wenzake wa kazi mlioacha magari yenu tangu asubuhi, na nyinyi wengine ambao sijui mmefuata msiba au mmefuata kivuli, nawaomba mtulie, maana anayewasomea ni bibi na pumzi zake ni za kukopa. Kazi hii nimepewa mimi kwa kuwa ndiye dada yake mkubwa, na hakuna mwingine aliyebaki hai aliyemjua marehemu kabla hajaota meno. Nitaisoma historia yake hatua kwa hatua, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, bila kuruka hata moja, ingawa marehemu mwenyewe aliniomba niruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, kwa mujibu wa cheti, ingawa mama yetu alishikilia mpaka kufa kwake kuwa ilikuwa tarehe saba na kwamba karani alichelewa kwa ajili ya chai, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana ukuta na banda la farasi, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu mpakua makaa na mama yetu mfua nguo. Sauti ya kwanza aliyoisikia duniani haikuwa ya mkunga, ilikuwa ya kwato, na mkunga akasema, "Huyu ni wa kwao huko upande wa pili wa ukuta," mama akamjibu, "Basi wamlee wao." Alikuwa mtoto mwembamba, mrefu kabla ya wakati wake, hana nyama wala haya, nami ndiye niliyembeba mgongoni, nikamlisha, nikamfuta kamasi, na jina la Kigwe nililompa mimi, kwa kuwa alifanana na ule mkanda mrefu anaoushika mwendesha farasi mkononi, na kwa kuwa ukimvuta huku, naye anakuvuta huko.

Shule ya msingi aliianza Januari 1961, akaiacha mwishoni mwa mwaka 1966, na hakuiacha kwa kukosa akili, maana hesabu za kichwani alikuwa akizimaliza wenzake wakiwa bado wanatafuta vidole vyao. Mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia, "Mzee, mwanao kichwa anacho, kilichozidi ni ulimi," kwa sababu marehemu alimpa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichechemea jina la Saa Mbovu, darasa zima likalishika, na jina likamganda yule mtoto mpaka akaona aheri kukaa nyumbani. Nasikia mpaka leo, mzee mwenye wajukuu, bado anaitwa hivyo hivyo, na kama yupo hapa anisamehe kwa kulitaja. Nalisema ili mjue kwamba ndugu yangu tangu utoto alijua kumvika mtu kitu ambacho hakivuliki.

Kazi aliianza Machi 1967 katika banda lile lile la upande wa pili wa ukuta, akiwa saisi, wa kuchota maji, kuwasugua farasi na kuzoa mavi, na aliyemfundisha ni fundi wa matandiko, mzee mwenye kikohozi na kidole gumba kisichokunjika, ambaye hakuwahi kumsifu mtu wala mnyama. Kwa kuwa wengi hapa mmezoea kuona farasi wakipita tu na hamjui ngozi ipi ni ya nini, nitaeleza kidogo, maana bila hilo hamtaelewa kilichomwua mtoto wake wala kilichomwua marehemu mwenyewe.

Farasi ana macho kandoni mwa kichwa, siyo mbele kama sisi, kwa hiyo amesimama tu anaona karibu mpaka mkia wake, na kila kinachotikisika nyuma yake yeye hukihesabu kuwa ni adui. Ndiyo maana kwenye lijamu yake, yaani ile mikanda ya kichwani pamoja na chuma cha mdomoni, hushonewa vidoto, vikombe viwili vya ngozi ngumu, kimoja kila upande, ili atazame mbele asione gari linalomfuata. Yule fundi alikuwa mkali sana kwa vidoto, alisema visigusane na kope, maana kidoto kinachopiga jicho humtia farasi wazimu, visilegee vikaacha upenyo wa kuchungulia, mkanda wa koo ukazwe kiasi cha vidole kupita, farasi asije akajisugua ukutani akaivua lijamu yote, na alisema jambo moja zaidi, kwamba vidoto havimfundishi farasi kitu. Kwanza mtembeze bila vidoto, akokote gogo, alione, alisikie, kisha mwonyeshe gari, alinuse, lizungushwe mbele yake na nyuma yake mpaka alichoke, ndipo umvike vidoto na kumfunga, na hapo vidoto vitamtuliza, havitamdanganya.

Tena kuna sheria ya kufungua, ambayo wenzake wa kazi wote hapa wanaijua, kwamba lijamu ndiyo ya mwisho kutoka. Gari linavutwa kwa minyororo miwili, mmoja kila upande, na farasi amesimama katikati ya mikono miwili ya gari, yaani ile miti mirefu inayotokeza mbele, basi wafunguaji huwa wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kulia akishamaliza husema "Kulia wazi", wa kushoto akishamaliza hujibu "Kushoto wazi", farasi anatolewa mbele mpaka gari limebaki peke yake, na hapo tu ndipo mtu hugusa lijamu. Mwenye kuivua kabla hajasikia jibu, alisema yule fundi huku akikohoa, ni afadhali ajivue kichwa chake mwenyewe.

Marehemu aliyashika yote isipokuwa lile la kumwonyesha farasi gari. Hilo aliliona ni kupoteza muda, akasema, "Farasi asiyejua anavuta nini havuti kwa kinyongo," akawa anawavika vidoto tangu siku ya kwanza na kuwaingiza kwenye gari kwa nyuma, kimya kimya, kama mtu anayemvisha mwenzake koti. Na kweli, wakati wenzake bado wanakokotesha magogo uwanjani, farasi wa Kigwe alikuwa tayari barabarani na mzigo. Fundi alipoona alimwambia mbele ya watu, "Umemfundisha kutembea, hukumfundisha kutoogopa, siku akiliona hilo gari atadhani anafukuzwa na nyumba," na marehemu akamjibu, "Kwani nani atamwonyesha, wewe?" watu wakacheka, na fundi naye, nasikia, alitabasamu upande mmoja.

Mwaka 1984 alifungua uwanja wake mwenyewe, huu huu tuliokaa, akiwa na magari mawili na farasi watatu, akabeba matofali, mbao, magunia ya unga na maharusi, na kwa haki yake niseme kwamba hakuwahi kuchelewesha mzigo, hakuwahi kumnyima farasi maji, na ngozi zake zote alizipaka mafuta kwa mkono wake kila mwisho wa wiki, zikawa laini kuliko viatu vya wakubwa. Kwa watu, mafuta yalimwishia. Alimwita mpakiaji wake Gunia Tupu, mke wa jirani Kengele, na mimi dada yake, tangu meno yalipoanza kuning'oka, akawa ananiita Geti Bovu. Nilicheka. Tulicheka wote, na hilo ndilo lilikuwa tatizo letu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 16 Julai 1988 na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa fundi cherehani wa dirisha la kona, na mapenzi yao yalianza marehemu alipompelekea mto uliopasuka wa kola ya farasi, ile anayovalishwa shingoni akivuta gari. Wifi akamwambia, "Mimi nashona magauni, kaka," naye akamjibu, "Basi mshonee gauni, mwenyewe ni jike." Aliushona ule mto, tena kwa uzi wa rangi ya waridi, na farasi yule alitembea mji mzima na waridi shingoni, na Kigwe akapigana na watu wawili waliocheka. Walikaa pamoja miaka thelathini na mitatu, na sijawahi kusikia hata siku moja akimwinulia mkewe sauti, maana aliyempenda alimpenda, na niliyonayo hapa mbele siyasemi ili kulifuta hilo.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu. Nasema watatu, na ulimi haujateleza, na wanaogunaguna huko nyuma wagune wamalize niendelee. Kifungua mimba ni mwana wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1991, wa kati ni binti, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1995, ambaye ndiye aliyemwuguza baba yake mpaka mwisho, na kitinda mimba alikuwa binti vilevile, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2001 na kufariki tarehe 11 Oktoba 2012, akiwa na miaka kumi na mmoja, hapa hapa uwanjani, pale kwenye ukuta ulioegemewa na viti.

Siku hiyo, mchana, marehemu na kifungua mimba walirudi na gari tupu, farasi akiwa Jivu, yule wa kijivu ambaye wengi mlimpenda, na getini alikuwa amesimama mfanyabiashara wa farasi kutoka mbali, anayetaka kumnunua. Marehemu alikuwa upande wa kulia na kichwani, kifungua mimba upande wa kushoto, kitinda mimba ameleta ndoo ya maji, amesimama ukutani, anangoja Jivu atolewe anywe. Mfanyabiashara akasema, "Jicho lake silioni, nitanunuaje kitu kimevaa miwani?" Marehemu akacheka, akasema, "Kulia wazi," akaivua lijamu.

Jivu alikuwa amevuta lile gari miaka sita na hakuwahi kuliona. Aligeuza kichwa, akaliona limesimama mgongoni mwake, kubwa, lina magurudumu, na linamshika upande wa kushoto kwa mnyororo ambao ulikuwa bado haujafunguliwa, akaruka. Gari likavutwa kwa upande mmoja, likazunguka kama mlango unaofungwa kwa nguvu, na gurudumu likambana mtoto ukutani. Vumbi lilikuwa bado halijatua nilipomsikia marehemu akipiga kelele, nami nilikuwa jikoni na wifi, tukichambua mchele, wala hatukuwa tumeona kitu, marehemu akimwambia mwanawe, "Umesema wazi! Umesema kushoto wazi!"

Hilo ndilo neno la kwanza tulilolisikia, na neno la kwanza ndilo linalokaa. Tulipotoka tulimkuta kijana ameshika mnyororo mkononi, mdomo wazi, haongei, na kimya chake tukakiita jibu. Mfanyabiashara alipoulizwa alisema alisikia sauti, lakini sauti za watu wa uwanja mmoja zinafanana, akavaa kofia yake akaondoka, na hatukumwona tena. Siku ya kumzika mtoto, wifi yangu alisimama mbele ya watu wote, wengi wenu mlikuwapo, akamwambia mwanawe, "Maadamu mimi ni hai, geti hili hutapita," na marehemu, ambaye angeweza kusema neno moja tu, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Kaa chini, mama, usijitese."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka tisa.

Kwa miaka yote hiyo kifungua mimba amekuwa akipiga pasi katika duka la dobi upande wa pili wa mji, hajagusa farasi, hajaoa, na nilipokuwa nikimtembelea alikuwa akiniwekea kiti karibu na dirisha, mbali na mvuke, na hakuwahi kumsema vibaya baba yake. Mwaka wa kwanza alikuwa akiniambia, "Shangazi, mimi sikusema." Mwaka wa tatu akaniambia, "Shangazi, nadhani sikusema." Mwaka wa sita alikuwa akikunja mashati, akaniambia bila kuinua macho, "Labda nilisema. Watu wote wanasema nilisema, na siku hizi nikilala naisikia sauti yangu kabisa, inasema kushoto wazi, tena kwa furaha."

Nije kwenye ugonjwa. Marehemu alianza kuugua macho mwaka 2017, presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza na kumwachia mtu tundu la katikati, kama anayechungulia kwenye bomba. Mlisema ana maringo kwa kuwa alipita bila kuwasalimu, kumbe alikuwa hawaoni mpaka msimame mbele ya pua yake. Vikombe alivipiga kiwiko vikavunjika, akamlaumu binti yake kwa kuviweka vibaya. Daktari wa macho alimwambia aache kuendesha gari, naye akamwambia, "Farasi wangu wote wamezibwa pembeni na wanafika," akatoka kliniki akijichekea, akatuhadithia mezani, na wifi akacheka, kwa kuwa hakujua kuwa mzaha ule ulikuwa cheti cha daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kilimwumbua kazini kwake.

Tangu mwanawe afukuzwe, marehemu hakutaka mtu mwingine upande wa kushoto. Alifungua peke yake, kulia kwanza, akasema "Kulia wazi", akazunguka, akafungua kushoto, akajijibu mwenyewe "Kushoto wazi" kwa sauti nyembamba kidogo, na watoto wa mtaa walikuwa wakikaa juu ya ukuta kumwigiza, na aliwatupia mavi ya farasi. Tarehe 27 Julai mwaka huu wa 2021 alirudi na mzigo wa mbao, farasi akiwa Mama Mkwe, yule jike aliyemwita hivyo kwa kuwa, alisema, ndiye mama mkwe pekee ambaye mwanamume anaweza kumziba macho akashukuru. Binti yake alikuwa dirishani na aliona yote. Marehemu alifungua kulia, akasema "Kulia wazi", akasimama pale pale, hakuzunguka, akasema "Kushoto wazi", akaivua lijamu. Mazoea yalimjibu, na macho hayakuwa na uwezo wa kumkanusha. Mama Mkwe naye hakuwa amewahi kuonyeshwa gari. Mkono wa gari ulimpiga marehemu mbavuni, ukamwangusha akavunjika nyonga, na mapafu hayakupona tena.

Alilazwa hospitali katika wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na sinki, na mchana mmoja alimtuma binti yake nje akanunue machungwa, akaniambia nisogee mpaka nisimame mbele yake. Akasema, "Geti Bovu, yule kijana hakusema kitu. Nilivua kabla hajajibu. Nilijua kabla vumbi halijatua." Nikamwuliza, mbona ulipiga kelele. Akasema, "Ilitoka tu, Dada. Na ikishatoka utaimeza vipi?" Nikamwuliza, na miaka tisa? Akasema, "Ningemwambia nani, mama yake? Ningelala wapi?" Nikamwambia mwanao anakaribia kuwa kichaa, anasikia sauti. Hapo, nawaapia mbele ya jeneza lake, mdogo wangu niliyembeba mgongoni aligeuza uso ukutani akasema, "Yeye ana mgongo mpana. Ameshazoea, mwache abebe." Kisha akaniagiza kwamba nikisoma historia yake niseme watoto wawili, wa kati na marehemu kitinda mimba. Nikamwuliza kwa nini, hata leo, hata ukiwa kitandani hapo. Akasema, "Ukimtaja, watauliza."

Alifariki tarehe 18 Septemba 2021, mchana, akiwa na miaka sitini na minane. Machungwa aliyala yote.

Nilipotoka hospitali siku ile aliponiambia, nilikwenda moja kwa moja kwa dobi. Nilimweleza kijana neno kwa neno. Alizima pasi, akaikalisha vizuri, akakaa juu ya furushi la mashuka ya watu, akasema, "Basi sikusema." Akasema tena, "Basi sikusema." Kisha akaniuliza jambo moja tu, "Mama anajua?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi usimwambie ili niingie wodini kumwona baba, atasema nimemshitaki mtu kitandani. Siku ya kuzika nitakuja, nitasimama nje. Akijua na akataka, mlango ni wake."

Wapo watakaosema ningemwita wifi chumbani nikamnong'oneza. Nimelifikiria hilo, na kila mara niliona kuwa neno lililopigiwa kelele uwanjani haliwezi kufutwa chumbani, kwa kuwa waliolisikia ni mtaa mzima, na chumbani angenishika mkono, angeniambia, wifi, tumzike kwanza. Tukishamzika, nani atauliza? Ndivyo alivyotaka yeye.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa macho aliyemwambia marehemu ukweli mapema akaambulia mzaha, nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyekuwa akimgeuza bila kumwumiza na kuvumilia kuitwa Sufuria. Nawashukuru wenzake wa kazi kwa turubai, viti na magari, na nawaomba mambo mawili, kwamba kuanzia kesho asifungue mtu gari peke yake hata kama ni fundi wa mafundi, na kwamba huyo Mama Mkwe mnayetaka kumpeleka machinjioni kwa kuwa ameua, mumtembeze kwanza bila vidoto, mumwonyeshe gari, alinuse mpaka alichoke, maana hakuua mtu, aliogopa kitu ambacho alifichwa. Nawashukuru majirani kwa maji na kwa kukesha nasi, na kwa kuwa leo ni siku ya shukrani, nawashukuru pia nyinyi ambao miaka tisa mlikuwa mkimwona kijana yule njiani mkavuta watoto wenu upande wa pili, mkawanong'oneza, "Huyo ndiye aliyemponda mdogo wake," mliifanya kazi hiyo vizuri sana, hakuna aliyezembea, wala hakuna aliyewalipa.

Sasa wifi yangu. Najua nimekuvua nguo mbele za watu, nimekuchukulia mume wako ukiwa bado hujamzika, na huenda usinisemeshe tena maisha yako yote, na hilo nimelikubali kabla sijaanza kusoma. Mwanao yupo nje ya geti tangu alfajiri, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, na wajomba zake wamesimama ndani kumzuia kwa amri yako ya siku ile. Mimi sitamfungulia, wala hawa wajomba, wala mtu yeyote, kwa kuwa si sisi tuliomfukuza. Komeo liko ndani, ni la chuma, huwa linakwama, linataka kusukumwa juu kidogo ndipo livutwe. Wabeba jeneza nimewaambia wakae chini, na wachimba kaburi wamepelekewa habari kwamba tutachelewa.

Nawe Kigwe, mdogo wangu, pumziko lako limo mikononi mwa mama huyu. Akisimama, tutakusindikiza wote na mwanao mbele, na amani uipate. Akibaki kitini, tutabaki naye, na wewe utangoja hapo ulipo, na jua hilo linapanda.